Plagi ya Silinda ya Tatu

Kila nikipita kwenye gereji zenu swali ni lilelile: mzee, hizi plagi za bei, hizi zenye ncha nyembamba kama sindano, zinalipa au tunaibiwa? Juzi kijana mmoja wa hapa Nanyala alinifuata mpaka nyumbani akiwa na plagi mbili mfukoni, moja ya kawaida na moja ya iridiamu. Akaziweka mezani kama mtu aliyeleta mashahidi. Nikamwambia avute kiti, maana jibu langu ni refu na sehemu yake moja ni ya aibu. Alipoondoka nikaona bora niwaandikie wote.

Mimi ni Fundi Sikanyika. Nimefanya kazi ya injini za petroli zaidi ya miaka thelathini, mingi kati ya hiyo pale Mpemba, njia panda ya kwenda Ileje. Gereji nimeifunga kwa sababu ya mgongo. Akili bado inafungua injini kila asubuhi, ila mgongo haukubali tena kuinama.

Kwanza tuondoe uongo. Plagi haiongezi nguvu ambayo injini haina. Kazi yake ni kuwasha moto ndani ya silinda kwa wakati wake, basi. Mteja akija na plagi zilizochoka ukamwekea mpya, hata za bei ya chini kabisa, gari litavuta vizuri na atakusifu wewe. Pokea sifa, lakini usimwambie kwamba ni maajabu ya iridiamu. Plagi ya bei inachokupa ni kudumu. Ile ncha ni ya madini magumu, hailiki upesi, kwa hiyo gepu, ule mwanya inaporukia cheche, linakaa lilivyo kwa safari nyingi sana. Sasa swali ni kama gari lililo mbele yako linahitaji kudumu huko, na kama wewe unayeifunga unastahili kuishika.

Aliyenifundisha ni Fundi Salehe, mtu wa Tanga aliyekuja Tunduma akifuata malori, akakutana na baridi yetu na hakupatana nayo mpaka mwisho. Alivaa sweta Januari hadi Desemba. Alikuwa na kibao chenye matundu manne alichokitoboa mwenyewe. Ukitoa plagi unaichomeka kwenye tundu la silinda yake, ya kwanza mpaka ya nne. Ole wako uzimwage mezani.

"Hizo ni barua," alikuwa akisema. "Sasa umezichanganya. Utajuaje ipi imetoka kwa nani?"

Na kweli zinasomeka. Ikitoka na rangi ya biskuti, silinda ni nzima. Ikitoka nyeusi kavu kama masizi ya sufuria, petroli inaingia nyingi kuliko hewa. Ikitoka nyeusi na ina mafuta ya kuteleza, oili inapanda, ringi zimechoka. Ikitoka nyeupe kama chokaa, pale ndani kuna joto kupita kiasi, usimruhusu mteja aondoke.

Siku moja nilifungua plagi injini ikiwa bado ya moto kwa sababu mteja alikuwa na haraka. Hedi, kile kichwa cha injini plagi zinamofungwa, ilikuwa ya aluminiamu. Nyuzi za tundu zikatoka pamoja na plagi, kama nyama laini inavyoachia mfupa. Tulitumia siku mbili kuweka kibushi chenye nyuzi mpya. Fundi Salehe hakupaza sauti. Aliniambia tu, "Haraka ilikuwa ya mteja. Nyuzi umezing'oa wewe." Tangu hapo nilisubiri injini ipoe, hata mteja angekuwa anatembea huku na huku kama kuku anayetaka kutaga.

Nirudi kwenye bei. Kulikuwa na mzee mmoja mkulima wa kahawa kutoka milimani huko Mbozi, ana pikapu ya karbureta, ya zamani, moshi wake ni wa bluu. Akaja na plagi nne za iridiamu alizoletewa na mwanawe kutoka Dar. Nikamwambia, "Baba, gari lako linakula oili. Hizi zitakuwa nyeusi kabla mvua hazijakatika."

"Weka tu, fundi," akasema. "Mtoto ameleta."

Nikaweka. Mvua hazijakatika, akarudi. Plagi nyeusi tii, zinanata. Nikamwekea za bei ya chini akaendelea kubeba kahawa yake mpaka alipovuna, ndipo tukabadilisha ringi. Zile za mwanawe alizisafisha akaziweka kabatini pamoja na glasi za wageni. Pikapu ile haikuwa na haja ya plagi ya kudumu, maana yenyewe ndiyo ilikuwa inaziua.

Lakini zipo injini za silinda sita ambazo ili ufikie plagi tatu za nyuma lazima ushushe nusu ya vitu vilivyo juu yake. Pale ukiweka za bei ya chini unajitafutia adhabu. Mteja mmoja kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alikuwa na gari la namna hiyo, akataka tuweke za kawaida nyuma na za iridiamu mbele, mahali zinapoonekana. Nikamweleza kwamba afanye kinyume, au bora zaidi aweke zote za bei. Akafikiri, akacheka, akashukuru kwa Kibemba, "Natotela, mukwai," akaenda kununua boksi lingine.

Sasa sehemu ya aibu.

Mwalimu Kibona, mama mtu mzima, alikuwa amestaafu kufundisha shule ya msingi, akanunua gari dogo la abiria la kwenda Isongole na kurudi Tunduma. Dereva wake alikuwa Lusajo, mtoto wa mdogo wake, mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, anayeegesha gari taratibu kana kwamba kuna mtu amelala ndani. Walikuja pamoja. Plagi zilikuwa zimekwisha kabisa.

"Fundi, nataka ambazo ukiziweka nitazisahau," Mwalimu akasema.

Nikamshauri iridiamu. Gari lilikuwa zima, halili oili, na linapanda milima ya Ileje kila siku. Ushauri ule naufuata hata leo. Nikazinunua Tunduma kwenye duka ninaloliamini, nikazikagua, maana mpakani bandia ni nyingi. Maandishi kwenye kaure nyeupe niliyasugua kwa kidole chenye petroli, hayakufutika. Nyuzi zilikuwa laini, hazikukwaruza ukucha. Kila ncha ilikuwa imesimama katikati. Nikapima gepu bila kulibana, maana ncha zile ukizigusa kwa koleo zinavunjika. Kila kitu kilikuwa sawa.

Nikafunga ya kwanza na ya pili. Ya tatu ikaniponyoka. Ilianguka kutoka usawa wa kiuno mpaka kwenye sakafu ya saruji, ikaruka mara moja, ikabingirika chini ya benchi.

Sheria ya plagi iliyoanguka kwenye saruji mnaijua, na wengine wenu mliisikia kutoka kwangu: haifungwi. Kaure inaweza kupasuka ndani na nje usione kitu. Nikaiokota. Nikaitazama, nikaipuliza, haikuwa na alama. Dukani walikuwa wamebakiwa na boksi hilo moja tu. Mwalimu na Lusajo walikuwa nje barabarani wanaongea na mtu. Nikaianza kwa mkono mpaka ikakaa, nikaongeza nusu mzunguko kwa spana, nikachukua ya nne.

Gari likawaka vizuri. Mwalimu akashukuru, wakaondoka.

Baada ya siku kumi hivi Lusajo akarudi peke yake.

"Shikamoo, fundi. Gari linamisi mlimani. Tambarare liko sawa, nikianza kupanda na abiria linakohoa."

Nikawasha, nikasikiliza, likanguruma vizuri. Nikachomeka mashine ya kupimia, ikasema silinda ya tatu inakosa moto. Nikahamisha koili ya tatu, ile inayoipelekea plagi umeme, nikaiweka ya pili, nikamwambia akapande nalo mlima kisha arudi. Kesho yake akarudi. Mashine ikasema bado ni ya tatu. Kwa hiyo koili haikuwa na kosa.

Hatua inayofuata anaijua hata mwanafunzi wa miezi mitatu. Umehamisha koili, kosa halikuhama, sasa hamisha plagi. Sikuhamisha. Nilijiambia kwamba plagi ni mpya, ya bei, nimeikagua kwa mkono wangu. Nilikumbuka kwamba ilianguka. Nataka mlijue hilo. Nilikumbuka, nikaangalia pembeni, nikafungua kifuniko cha tangi nikanusa.

"Unajaza wapi?" nikamwuliza.

"Kituo kilekile, fundi. Miaka yote."

"Mafuta haya yana wasiwasi."

Akasema kwa upole wake, "Lakini fundi, mafuta si yanaingia silinda zote nne? Mbona inayokosa moto ni moja?"

Dereva aliniuliza swali la fundi. Nami nikamjibu, "Wewe endesha. Ufundi niachie mimi."

Mwalimu akanipigia simu mchana ule. Nikamwambia kwamba siku hizi kuna petroli ya madumu inayopitishwa mpakani, imechanganywa, na huenda ndiyo iliyo kwenye tangi. Sikumtaja Lusajo. Haikuwa lazima. Petroli ya madumu ni rahisi kuliko ya kituo, na anayejaza na kubaki na chenji ni dereva. Mwalimu akasema, "Nimekuelewa." Nilikata nikaendelea na kazi, na nikiri kwamba nilijisikia nafuu.

Alimnyang'anya funguo jioni hiyohiyo. Lusajo akarudi kwao Ikinga kulima mahindi.

Zikapita wiki tatu. Asubuhi moja gari likaingia gereji, Mwalimu mwenyewe kwenye usukani, miwani puani, mikono yote miwili imeshika kwa nguvu. Akazima, akashuka, hakunisalimu kwanza.

"Fundi, jana nilijaza mafuta mimi mwenyewe. Kituo kingine. Nilisimama pale nikaangalia mpaka mwisho. Nilipoanza kupanda, gari likakohoa, akina mama wakashuka wakapanda mlima kwa miguu na vikapu vyao kichwani. Mimi siwezi kuliwekea gari langu petroli ya madumu. Sasa niambie."

Akakaa kwenye benchi, akaweka mkoba magotini. Nikasubiri injini ipoe. Kisha nikahamisha plagi ya tatu kwenda ya pili, na ya pili kwenda ya tatu, nikapanda nalo kilima cha karibu nikiwa peke yangu. Likakohoa. Nikachomeka mashine. Silinda ya pili. Kosa lilikuwa limehama pamoja na plagi.

Niliporudi nikaitoa, nikaipeleka kwenye mwanga na lenzi ile ninayotumia kusomea namba ndogo. Kwenye kaure, ndani kabisa karibu na ncha, kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele wa mtoto, na juu yake mstari mweusi. Huko ndiko umeme ulikokuwa unapitia. Injini ikiwa haina mzigo, moto ulirukia mahali pake. Mlimani, shinikizo likipanda, umeme ulitafuta njia rahisi na kutorokea kwenye ufa.

"Umeona nini?" Mwalimu akauliza kutoka kwenye benchi.

Sentensi ilikuwa tayari mdomoni: koili ilikuwa imelegea, Mwalimu, nimeikaza. Angeamini. Ningemnunulia plagi nyingine kimyakimya, gari lingepanda mlima, na hakuna mtu duniani angejua. Lusajo angeendelea kulima.

Nikaenda nikaiweka kwenye kiganja chake pamoja na lenzi. "Hii imepasuka. Iliniponyoka siku ile nilipokuwa naifunga. Ilianguka kwenye saruji."

Aliitazama kwa makini. Kisha akauliza kama anavyouliza mwalimu, swali moja moja.

"Ulijua kwamba imeanguka?"

"Nilijua."

"Ulijua kwamba imepasuka?"

"Hapana. Nilijua kwamba inaweza kuwa imepasuka."

"Nilipokupigia simu, ukaniambia habari za madumu, ulikumbuka kwamba ilianguka?"

Hilo ndilo swali nililokuwa naliogopa. Nikasema, "Nilikumbuka."

Akairudisha plagi kwangu, akavua miwani, akaifuta kwa upande wa kitenge muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Sikuwahi kuona mtu anakasirika kwa utulivu namna ile. Kisha akasema, "Nenda katafute plagi nzima uifunge. Halafu utaniendesha mpaka Ikinga."

Gari lilipanda milima yote bila kukohoa hata mara moja, na kila mlima tuliopanda vizuri ulinizidishia aibu.

Lusajo tulimkuta shambani, anapalilia. Mkewe Neema alituona kwanza, akajibu salamu, akaenda kusimama upande wa mumewe. Baadaye nilijua kwamba watoto wao walikuwa wameanza kuitwa shuleni "watoto wa madumu", na Lusajo mwenyewe alikuwa ameacha kwenda kanisani.

Nikamweleza yote, nimesimama kwenye matuta ya mahindi na viatu vyangu vya gereji. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Siku ile nilipokuuliza kuhusu silinda zote nne, ulinijibu nini?"

"Nilikwambia uendeshe, ufundi uniachie mimi."

"Ndiyo," akasema. "Nilitaka nione kama unakumbuka."

Kisha akamgeukia Mwalimu. "Na wewe, Mama Mkubwa?"

Mwalimu hakutafuta maneno. "Nilimwamini fundi kuliko mtoto wa mdogo wangu. Nisamehe."

Neema ndiye aliyejibu. "Kusamehe tutasamehe, mama. Lakini walioambiwa kwamba ni mwizi hawako hapa shambani."

Lusajo akatikisa kichwa kukubali. Angerudi, akasema, kwa sharti moja: niende stendi ya Isongole siku ya soko, madereva wakiwepo, niseme kama nilivyosema pale. Nikaenda. Niliongea nikiwa nimesimama katikati ya magari, na plagi ile iliyopasuka nikaipitisha mkono kwa mkono ili kila mtu auone ule ufa. Dereva mmoja akauliza, "Fundi, na sisi wengine umetufungia ngapi za namna hii?" Wakacheka sana. Nikamjibu kwamba ni hiyo moja, na kwamba anayetaka kuhakikisha alete gari nifungue bure mbele yake. Walikuja sita. Niliwafungulia wote, na namshukuru Mungu zote zilikuwa nzima.

Basi, kijana wa Nanyala na wenzako, jibu lenu ni hili. Plagi zile za Mwalimu, tatu za mwanzo na moja niliyoinunua mimi, zilidumu kuliko nilivyotarajia. Nilipofunga gereji zilikuwa bado kwenye injini, rangi ya biskuti. Kwa gari lile zililipa. Kwa pikapu ya mzee wa kahawa hazikulipa. Kabla hujamshauri mteja, jua injini inakula oili au haili, plagi zinafikika kwa urahisi au kwa kushusha nusu ya injini, na gari linatembea sana au linakaa uani. Kama gari ni zima na linatembea, mwambie anunue za bei, na umwonyeshe duka la kuaminika. Kama injini imechoka, hela hiyo aiweke kwenye ringi. Na ya bei ikianguka chini, itupe. Itakuuma mchana mmoja tu.

Lusajo aliendesha gari lile miaka mingine mingi, na aliendelea kulileta kwangu. Watu walimshangaa. Alikuwa mpole vilevile, ananiamkia vilevile, anauliza habari za mgongo wangu. Lakini hakuniachia tena gari akaenda zake. Nikifungua boneti, alikuwa anakuja kusimama kando yangu, mikono nyuma, anatazama vidole vyangu mpaka kazi iishe. Sikuwahi kumwambia akakae.